Faili la Mabaki

Kompyuta ya kituo cha afya ilikwama kwa mara ya tatu juu ya jina lile lile, na jina lenyewe lilikuwa la mtoto wa karani. Kazija, karani mwenyewe, aliandika Humoud Marhoun Humoud, mwanamume, miezi tisa, chanjo ya surua, akabonyeza pa kuhifadhi, na kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka wee. Nje mabenchi yalikuwa yamejaa, kwa sababu surua ilikuwa imeingia vijiji vya mashariki na kila mwenye mtoto kaja mbio. Mama mmoja akachungulia dirishani, "Bi Kazija, leo ndiyo hivyo tena?" Kazija akajibu kwamba ndiyo hivyo tena. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kuzimia, akakibana mpaka kioo kikawa cheusi.

Kituo chenyewe sikitaji jina. Kiko upande wa Mtambile, kina rangi ya samli iliyopauka, na anayekijua keshakijua. Ninachosema ni kwamba hivyo ndivyo walivyofundishwa: programu ikikwama, zima kwa kidole, washa, anza upya. Aliwafundisha mtu wa mradi, siku moja tu, baina ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, kisha akapanda boti akenda zake. Hakuwaambia kwamba kila wakizima hivyo, programu ikiamka hujisafisha, na katika kujisafisha hutupa majina ya watoto. Arobaini na moja walikuwa wameshatupwa. Kadi wanazo, sindano wamechomwa, mama zao wanakumbuka walivyolia, lakini kwenye kompyuta hawamo.

Mzigo akatwishwa karani. Barua ilifika Jumatatu, imepigwa muhuri mara mbili, inamtaka Kazija Matano afike mbele ya Bwana Silima, ofisa wa takwimu, siku ya Alhamisi saa tatu, aeleze kwa nini "amefuta taarifa kwa uzembe au kwa makusudi", na kwamba asipokuwa na ushahidi mkataba wake utakoma siku hiyo hiyo. Miaka sita kafanya kazi kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na nyumba yake ilikuwa inasimama kwa kazi ile. Hilo angelistahimili. Lililomuuma zaidi ni kisimani, ambako wanawake walikuwa wameshaanza kusemezana kwamba chanjo zinauzwa, na wakimwona wanabadilisha mazungumzo wanauliza hali ya watoto.

*

Jioni ile nduguye, Abrahman, alikuja kumtazama. Abrahman ana kibanda Mtambile cha kutengeneza simu na kompyuta, kijana wa maneno mengi, lakini kazi yake anaijua. Alimkuta dada yake kakaa kizingitini na barua mkononi, na mama wa mumewe, Bi Maryamu, kakaa jamvini anachambua karafuu, anatenga vikonyo upande, karafuu upande.

"Shemegi Marhoun yuko wapi?" aliuliza Abrahman.

"Vitongoji, anajenga," alisema Kazija.

"Nyumba ile ile?"

"Ile ile."

"Yakhe, nyumba gani hiyo, mwaka wa pili haipandi paa? Au wanajenga kasri?"

Bi Maryamu aliinamia karafuu zake. Kazija hakuona. Alikuwa anamsomea nduguye barua, na pale pa uzembe au makusudi alipasoma mara mbili.

Abrahman alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. "Dada, ikikwama mnafanyaje?"

"Tunazima kwa kidole. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Basi ndiyo mnazika maiti bila ya kumtazama kafa kwa nini. Ukiizima kompyuta nzima, inasahau kila ilichokuwa inafikiri. Lakini ukiiua ile programu peke yake, makusudi, kwa amri yake, basi kabla haijafa inamwaga kila kilichokuwamo kichwani mwake ndani ya faili moja. Kibaya na kizuri, vyote. Wenyewe wana jina lao la Kizungu, miye naliita faili la mabaki. Ukilisoma unaona ilikuwa inafanya nini mpaka ikakwama."

"Na ikishakufa?"

"Ikishakufa imekufa. Na watoto wote uliowaandika asubuhi hiyo wanakwenda nayo."

Kazija akamtazama. "Yaani nataka kuonyesha kwamba sifuti watoto, na njia yenyewe ni niwafute?"

"Mara moja tu. Lakini lazima ikwame tuiwahi ikiwa imekwama. Hakuna jina ambalo kila ukiliandika inakwama?"

"Liko," alisema Kazija, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka kidogo. "La huyu." Akamwonyesha Humoud, kalala mgongoni mwa binti mkubwa wa Kazija, mdomo wazi.

Bi Maryamu alisimama, akasema anakwenda kutia udhu, na Magharibi bado.

*

Jumanne asubuhi Bi Mgeni, mkuu wa kituo, mwanamke aliyebakisha miezi minne kustaafu na asiyetaka matatizo na mtu, alimwona Abrahman anaingia na mkoba wake akasema, "Miye nakwenda kunywa chai. Sikuona mtu." Akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

Kazija alikuwa ameshaandika watoto ishirini na sita. Kila mmoja alimwandika pia kwa mkono kwenye daftari la mistari, lakini daftari Bwana Silima halitambui, keshasema hivyo mara mbili mbele za watu. Abrahman akafungua dirisha dogo jeusi la kuandikia amri. "Haya, muandike mtu wako."

Akamwandika. Humoud Marhoun Humoud. Kiduara kikaanza kuzunguka. Walisubiri kidogo wahakikishe, na pale nje mtoto mmoja alikuwa analia kwa pumzi ndefu kama analipwa.

"Bonyeza mwenyewe," alisema Abrahman. "Kesho kutwa watakuuliza nani kaiua, usije ukasema uongo."

Kidole cha Kazija kilibaki hewani. Miaka sita alikuwa anazima bila ya kujua anafanya nini, hana wasiwasi wowote. Leo anajua. Alisema bismillahi, akabonyeza. Dirisha la programu likatoweka mara moja na watoto wake ishirini na sita, na mahali pake likaja faili moja kubwa lisilo na sura. Abrahman alilitia kwenye flashi, akaifunga flashi ndani ya leso yake.

Kisha Kazija alitoka kwenda kuwaambia kinamama kwamba wale waliokwishaandikwa waandikwe tena, maana programu hutaka namba za kadi na daftarini hazimo. Walimsikiliza. Mmoja, ambaye walisoma naye darasa moja, akasema kwa sauti ya kutosha watu wote, "Sie tuna mashamba, Bi Kazija. Hatuna mishahara ya kukaa kitako." Kazija akasema samahani. Alisema samahani mara ishirini na sita asubuhi ile, kwa kila kadi samahani yake.

*

Alasiri ya siku ya pili alipitia kibandani. Abrahman hakumwita dada kwa utani kama kawaida yake, wala hakumtilia soda. Karatasi mbili zilikuwa mezani, moja juu ya mwenzake, na simu ya mteja imewekwa juu yake zisipeperuke.

"Umeona?" aliuliza Kazija. "Imekwama kwa nini?"

"Nimeona. Mengi ni takataka, herufi hazisomeki, lakini pale ilipokwama panasomeka vizuri." Alimpa karatasi ya kwanza. "Kila asubuhi kompyuta yenu inapokea majina ya watoto wa kisiwa kizima. Ukiandika mtoto, inatafuta kama keshaandikwa pengine. Ikipata mwenye majina yale yale matatu na mwaka ule ule, inasema huyu ni mtoto mmoja, inajaribu kuwaunganisha. Sasa ikiona mama mbali mbali, inarudi mwanzo. Inaunganisha, inarudi. Inaunganisha, inarudi. Haina mlango wa kutokea."

"Na tukizima kwa kidole?"

"Ikiamka inaamua yenyewe. Wawili inawafanya mmoja, anayebaki anabaki. Si wewe, dada. Hukufuta mtu."

Kazija alikaa juu ya kibao. Akamhimidi Mola kwa sauti. Kisha akanyoosha mkono kuchukua karatasi ya pili, na nduguye akaweka kiganja juu yake.

"Hii tusiitoe."

"Kwa nini? Si ndiyo yenye majina?"

"Dada, hebu niache nitafute jina jingine. Tuikwamishe tena kwa mtoto mwingine."

"Mkutano kesho saa tatu, Abrahman. Lete."

Aliondoa kiganja chake pole pole. Karatasi ilikuwa na mistari michache tu katikati ya alama za ovyo. Humoud Marhoun Humoud, mama Kazija Matano, Mtambile. Chini yake: Humoud Marhoun Humoud, mama Thuraiya Nassor, Vitongoji. Wiki mbili baina yao. Simu ya mzazi, kwa wote wawili, namba moja, na namba ile Kazija alikuwa anaijua kwa moyo. Lingekuwa jina la Ali Hamad angesema watu wamefanana majina. Humoud Marhoun Humoud hakuna wa kufanana.

Aliisoma mara nyingi. Mwisho jicho lake la kazi likaona kile ambacho jicho la mke halikuona. Kwenye mstari wa Humoud wa Vitongoji, mbele ya surua, paliandikwa tayari, na tarehe ni ile aliyochomwa mtoto wake. Sindano moja, mkono mmoja, na kompyuta imewahesabia wawili. Maana yake hakuna mtu atakayemwita yule. Na surua iko huko huko.

Nitasema lililompita moyoni, kwa sababu alilikiri mwenyewe baadaye. Alisema kimya kimya, basi asiitwe. Akakaa na neno lile kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi labda, kisha akajiogopa, akasema astaghfirullah, akakunja karatasi zote mbili akazitia kifuani.

*

Bi Maryamu alikuwa jamvini kama alivyomwacha. Kazija hakukaa. Alisimama mbele yake, mtoto ubavuni.

"Mama. Thuraiya ni nani?"

Mikono ya yule mzee ikasimama ndani ya karafuu. Hakujifanya hajui, na kwa hilo tumpe haki yake. "Ndoa ni ya halali, mwanangu," alisema. "Hakuna haramu hapo. Ilikuwa siri tu."

"Siri ya nani?"

Bi Maryamu alitoa mikono, akapangusa jamvi.

"Shemegi zangu wanajua?"

"Wanajua."

"Sheha? Jirani?"

"Kazija, mwanangu, kaa kwanza."

"Basi ilikuwa siri yangu peke yangu." Akahamisha mtoto ubavu wa pili. "Na jina kampa nani?"

"Mtoto wa kwanza mwanamume huchukua jina la babu yake. Ndivyo tulivyo. Yule naye kwa mama yake ni wa kwanza. Ningemwambia nini? Kwamba marehemu ni babu wa mmoja, wa pili si babu yake?"

Kazija akakumbuka. Mwezi ule ambao yeye bado hajatoka arubaini, Bi Maryamu alisema anakwenda kuzika Chake, na alirudi jioni na nyama ya mbuzi imefungwa kwenye jani la mgomba. Nyama nzuri, haina mafuta. Aliambiwa ale apate maziwa.

"Ile nyama uliyonijia nayo," alisema. "Ilikuwa akika ya huyo mtoto."

Bi Maryamu alianza kulia, kimya, machozi yakidondokea karafuu. "Nilitaka na wewe upate fungu lako."

Kisha akajifuta kwa upindo wa leso, akauliza kuhusu karatasi, maana Abrahman alikuwa ameshapiga simu. "Usiipeleke, mwanangu. Marhoun ataaibika mbele ya watu. Na wewe utaaibika. Sema imepotea."

"Nikisema imepotea nafukuzwa kazi, na nabaki kuwa mwizi wa chanjo."

"Kazi Mungu ataleta nyingine."

"Na yule mjukuu wako? Hajachomwa surua. Kompyuta inasema kachomwa. Haitwi tena mpaka kiyama."

Hilo Bi Maryamu hakulitarajia. "Basi mpigie Marhoun kwa siri ampeleke."

"Wako arobaini na moja, mama. Na wale wengine nao niwapigie kwa siri?"

Bi Maryamu akarudi kwenye karafuu zake, akawa anatupa vikonyo na karafuu upande mmoja, hatengi tena. Kazija akaingia ndani kumnyonyesha mtoto, na alilia huko, mlango umefungwa.

*

Alhamisi chumba cha chanjo kilipangwa viti vinne, na karani hakuwekewa. Bwana Silima, mtu wa Unguja, suruali imepigwa pasi ya mstari, alikaa katikati. Kulia kwake Bi Mgeni, kushoto sheha, Mzee Jaribu, aliyeitwa kuwa shahidi. Kiti cha nne kiliwekewa mkoba wa Bwana Silima. Dereva alisimama mlangoni anachokoa meno.

"Mama karani, inasemekana Jumanne uliua programu ya serikali kwa makusudi," alisema Bwana Silima. "Ni kweli?"

"Kweli. Niliiua nipate faili linaloonyesha ilikwama kwa nini." Akampa karatasi ya kwanza, akaeleza kama alivyoelezwa, bila ya kuruka. Bwana Silima alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kisha akachukua karatasi ya pili na, kwa kuwa alizoea kusoma kwa sauti, akaisoma kwa sauti. Humoud Marhoun Humoud. Humoud Marhoun Humoud. Kwenye jina la pili Mzee Jaribu alianza kuvitazama viatu vyake.

"Sasa hapa ndipo penye kosa lako," alisema Bwana Silima, na alionekana kufarijika. "Mtoto mmoja umemwandika mara mbili. Baba mmoja, babu mmoja, simu moja, mwaka mmoja. Programu ikakanganyikiwa. Huyu ni mtoto mmoja, mama."

"Ni wawili."

"Utajuaje ni wawili?"

"Mmoja nimemzaa miye."

"Na wa pili?"

Neno lile Kazija hakuwahi kulitamka maishani mwake kwa jambo lake mwenyewe. "Wa pili kazaliwa na mke mwenzangu."

Dereva aliacha kuchokoa meno, akatoka nje, na kicheko chake kilisikika kabla hajafika kwenye gari. Bi Mgeni alisema "Laa ilaaha illa Allah" kwa sauti ya chini. Bwana Silima akaitazama karatasi, akamtazama Mzee Jaribu, na Mzee Jaribu akatikisa kichwa kwamba ndiyo, bila ya kuinua macho.

"Huku mtoto wa kwanza mwanamume hupewa jina la babu yake," Kazija aliendelea, kwa sababu alihisi akinyamaza hataweza kuanza tena. "Kwa kila mke. Mwenye wake wawili ana Humoud wawili. Programu yenu haijui wake wawili. Wale arobaini na moja watazameni mmoja mmoja, mtakuta wengi wao ni hivi hivi. Na aliyeunganishwa, mwenzake akichomwa, yeye anahesabiwa kachomwa. Hawa watoto hawajachanjwa, Bwana Silima, na surua imeingia."

Bwana Silima alivua miwani. Hakuomba radhi. Alisema suala la mkataba limesitishwa kwa sasa, kwamba faili atalipeleka Unguja kwa wataalamu, na kwamba watoto wote waliohesabiwa bure waorodheshwe, wazazi wao wapigiwe simu leo leo, na karani ndiye atakayepiga. Akachukua mkoba wake kutoka kwenye kiti cha nne. Kazija alipobaki peke yake chumbani ndipo alipokaa.

*

Alipiga kwa simu ya kituo, kwa utaratibu wa orodha, rula chini ya kila mstari. Wa Kangani. Wa Kengeja. Wazazi wengine walimshukuru, wengine walimgombeza. Humoud wa Vitongoji alikuwa wa kumi na tisa. Hakumsogeza mbele, wala hakumruka. Alipofika zamu yake alizipiga zile namba bila ya kuzitazama.

"Assalaam alaykum. Napiga kutoka kituo cha afya. Naongea na mzazi wa Humoud Marhoun Humoud?"

"Kazija?" Marhoun alicheka. "Una nini weye leo, unanisemesha kama hakimu."

"Kumbukumbu zetu zinaonyesha mtoto hajachanjwa surua. Anatakiwa aletwe kituo cha karibu leo."

"Hajachanjwa vipi? Si kachomwa juzi, ukanambia kalia mpaka kalala?"

"Humoud wa Vitongoji," alisema Kazija.

Simu haikukatika. Alisikia mtoto akilia huko, kilio cha chini kilichochoka, na sauti ya mwanamke ikimbembeleza kwa jina, na jina lilikuwa ndilo lile analomwita yeye wake kila usiku. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Kazija," alisema Marhoun mwishoni, na sauti haikuwa yake. "Ana homa. Siku ya tatu leo. Macho mekundu, na asubuhi hii katoka vipele usoni. Nilikuwa nataka kukuuliza, nikawa sijui n'kuulize vipi."

Kazija alifumba macho. Lile neno alilolisema kibandani, la kuhesabu mpaka kumi, lilimrudia lote.

"Usimpeleke kwenye foleni ya chanjo, ataambukiza wenzake," alisema. "Mpeleke hospitali sasa hivi. Mpeni maji njiani, kidogo kidogo. Mama yake asiache kumnyonyesha. Umenisikia, mzazi?"

"Nimekusikia."

Akaandika kwenye safu ya mwisho: mzazi kaarifiwa, mtoto keshaugua. Akasogeza rula mstari mmoja chini, akapiga namba ya mtoto wa ishirini, wa Makoongwe.